Kisanduku cha Jumuiya

Mimi ndiye niliyemfundisha mama yangu kukopi na kupesti, na sikumfundisha kwa upendo. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Oktoba, nina rundo la mitihani ya Jiografia ya kidato cha pili ambayo sijamaliza kuisahihisha, na mama yuko chumbani kwake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, anarekodi Salamu Maria. Alizirekodi moja moja, hamsini zote, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani wa ng'ambo ya bonde, na kila akimaliza moja aliituma kwenye grupu la jumuiya yake. Wenzake wapatao thelathini nao walikuwa wanatuma za kwao. Simu ililia kila sala ilipoingia, na mama hakuwahi kujua mlio huo unapunguzwa wapi.

Nikaenda kwake nimejifunga khanga, nimenuna.

"Mama, sala hii si maneno ni yale yale? Andika mara moja tu. Halafu unabonyeza hapa, unakopi, unapesti. Mara hamsini, kimya kimya."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na Mungu anaipokea hivyo hivyo?"

"Mungu anajua kusoma, mama."

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nyumba ilikuwa kimya, nikalala hadi saa kumi na mbili na nusu, nikajiona mwalimu hodari. Sikujua kwamba mama, kwa furaha yake, alikuwa amewafundisha na wenzake wote.

Wakati huo mama alikuwa na mwaka wa pili kwangu Kimbiji. Kabla ya hapo aliishi Kimara zaidi ya nusu ya maisha yake, kwenye nyumba waliyoijenga na baba kidogo kidogo tangu walipotoka Mbinga. Alipoanguka bafuni mara ya pili nilimfuata na gari la kukodi, nikapakia kitanda chake, mabeseni yake na picha ya baba, nikamleta. Mimi sina mume wala mtoto. Nina shule, kuku, na nyumba ya vyumba vitatu ambayo barabara yake ikinyeshewa hata bodaboda wanaisusa. Nilidhani tutatoshana. Kwa chakula na dawa tulitoshana, tena tulicheka pamoja kuliko nilivyotegemea, maana mama yangu ana utani wa kizee usiomwogopa mtu. Lakini alichokiacha Kimara, na ambacho sikuwa na uwezo wa kumpakilia kwenye gari, kilikuwa jumuiya.

Jumuiya ni Wakatoliki wa mtaa mmoja, nyumba kumi na kitu, wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi kwa zamu: wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Huko ndiko watu wanakojuana. Ukitaka kubatiza mtoto, ukitaka ndoa, ukifa, swali la kwanza parokiani ni lile lile: anatoka jumuiya gani? Mwenyekiti ndiye anayeandika barua, na barua hiyo ndiyo inayomleta padri kaburini. Nimeona familia zikihangaika na maiti ndani, zinatafuta mtu wa kusema kwamba marehemu alikuwa wa kwao. Mama naye alikuwa ameona, na lilikuwa jambo analoliogopa kuliko ugonjwa wowote.

Kimbiji kuna jumuiya nzuri tu, hatua mia mbili kutoka kwangu. Nilimpeleka mara mbili. Walimpa kiti cha mbele, wakamwimbia. Tukirudi aliniambia, "Watu wazuri, wanaimba kutuzidi sie. Lakini hawajui nimemzika nani." Watu wa Kimara walijua. Walilala uwanjani kwetu siku tatu baba alipokufa, na walilala tena miaka mitatu baadaye alipokufa kaka yangu, wakapika, wakaosha vyombo, wakamshika mama mabega asianguke. Hutaki kuanza kuyasimulia hayo upya kwa watu wapya ukiwa unakaribia miaka themanini.

Kwa hiyo alibaki mtu wa Kimara kwa njia ya simu. Mwenyekiti wao, mama mmoja muuza vitenge mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwepesi wa kucheka, alikuwa kila Jumamosi anaiweka simu yake juu ya stuli karibu na mshumaa, na mama anasali nao kutoka kitandani kwake. Bado alikuwa ameandikwa kwenye daftari lao. Zamu yake ikifika, wanasalia kwa jirani na kusema ni kwa niaba yake.

Mimi sikuwamo. Niliacha jumuiya zamani, nikiwa bado kijana, baada ya mama mmoja kusimama katikati ya maombi na kuniombea mume kwa sauti, kwa jina langu, mbele ya watu wote. Nilitoka nje, na sikurudi tena. Nina hasira za karibu, mwenyewe nakiri, na hasira hiyo niliifuga muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Basi Oktoba ile, mwezi wa rozari, mashine za ile kampuni kubwa yenye mtandao zikaona watu thelathini wa Kimara wanatumiana maneno yale yale, kila mmoja mara hamsini, kila siku ya Mungu. Mashine haijui Salamu Maria. Inajua matapeli. Siku ya nne grupu likafungwa, na namba za waliokuwa wanasali kwa bidii zaidi zikazuiwa kabisa, ya mama ikiwa ya kwanza. Mwenyekiti akanunua laini mpya, akafungua grupu jipya, akawaingiza watu wote, waliozuiwa nao kwa laini mpya. Na kwa kuwa mwezi wa rozari ulikuwa haujaisha, na wao si watu wa kuacha jambo la Mungu katikati, wakaendelea palepale walipoishia. Grupu la pili halikumaliza siku tatu.

Mwenyekiti alinipigia kwa simu ya kawaida. "Mwalimu, sie tumewaelewa hao watu. Hawaitaki rozari. Na sie hatuwataki."

Niliandika barua ya kuomba radhi kwa ile kampuni, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha shuleni kwangu. Nilijibiwa ndani ya dakika moja na kitu ambacho hakikuwa mtu. Maongezi yote ya miaka, sauti za wazee ambao wengine wameshalala udongoni, picha za misiba na za kipaimara, vikapotea kwa sababu mimi nilitaka kulala saa moja zaidi.

Mama hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, tena vizuri. Asubuhi ya Jumamosi aliamka, akavaa kitenge chake cha sare, akakaa kitandani na simu mapajani, na simu hiyo haikuwa na la kumwambia, maana kupiga ya kawaida kwa sala nzima kulishinda vocha ya mwenyekiti. Ikipita saa moja alivua kitenge, akakikunja, akalala. Wiki ya tatu aligomea uji. Nikamkalia pembeni na bakuli, nikambembeleza kama mtoto, na ndipo aliposema, bila kunitazama, "Nikifa leo, nani atakuja hapa?"

"Mie nipo, mama."

"Wewe upo, ndiyo," akasema, kisha akageukia ukutani.

Niliumia. Sitaki kulipamba. Nilikuwa nampikia, namwogesha, namkata kucha za miguu, na bado sikutosha kuwa mtu wa kumzika. Nilitoka nikaenda kuwafokea kuku.

Mtu wa kwanza niliyemkumbuka alikuwa shoga yangu wa Temeke. Nikiri kwanza jinsi nilivyomjua, maana vijana nikiwasimulia hawaamini. Tulijuana kwenye jukwaa, zama za intaneti kafe, nilipokuwa nakaa chumba cha kupanga Kinondoni na kulipia nusu saa ili nikabishane na watu nisiowaona. Enzi hizo kulikuwa na majukwaa madogo madogo: la walimu, la wapishi, la wafuga njiwa, na kila moja lilikuwa na mwenyewe, mtu anayelilisha umeme kwa pesa yake. La kwetu lilikuwa la wasomaji wa vitabu, na lilikaa kwenye kompyuta nyuma ya duka la vifaa vya umeme la baba wa huyu shoga yangu, familia ya Wahindi Washia wenye duka lao Temeke tangu babu. Umeme ukikatika Temeke jukwaa zima linazimika, na watu walioko Mwanza na walioko ng'ambo wanajua kwamba Temeke leo kiza. Ukimtukana mtu, yeye mwenyewe anakuandikia: dada, hapa ni kwangu, kaa vizuri. Niliandikiwa hivyo mara nyingi. Nilikaa miaka kadhaa nikidhani ni mwanamume mzee. Siku nilipokwenda dukani nikamkuta msichana wa umri wangu amevaa baibui jeusi, ana miwani mizito, anakula mihogo ya kukaanga, nilicheka nikakaa chini.

Baadaye wote tulihamia kwenye mitandao ya makampuni, kwa kuwa ilikuwa bure na kila mtu alikuwa huko. Jukwaa likafa hivi hivi, bila tangazo.

Nilipomweleza habari ya rozari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaniuliza, "Wamefungiwa kwa kusali?"

"Kwa kusali sana."

Akanivuta mkono hadi stoo, nyuma kabisa, penye maboksi ya swichi na nyaya. Kwenye rafu kulikuwa na kijisanduku cheusi kidogo kuliko mkate, kina taa moja ya kijani. "Hiki cha bibi na shangazi zangu," akasema. "Wametapakaa miji saba. Muharram ikiingia wanasikiliza majlisi za maombolezo kutoka humu stoo, wanalia pamoja, wanasalimiana. Hakuna wa kutufungia, maana mwenye mlango ni mie. Unajua watu wanarudi kule kwetu kwa zamani? Sio sie tu. Wamechoka kukaa uwanja wa mtu. Kila watu wanaanzisha kakwao kadogo."

"Na mama yangu je? Thelathini wale na Salamu Maria zao?"

"Kwenye mashine yako mwenyewe, sali mara elfu."

Jumapili iliyofuata alikuja Kimbiji na kisanduku kama kile. Mama alikuwa amelala uso ukutani, lakini aliposikia "Shikamoo mama" ya mgeni akaamka akajifunga vizuri, maana adabu zilikuwa hazijamwacha. Shoga yangu akakiweka juu ya stuli karibu na dirisha, akachomeka nyaya, akaitengeneza simu ya mama taratibu, huku akimweleza; za wenzake angezitengeneza Kimara wiki hiyo hiyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo wote watakuwa humu?"

"Watakuwa wanaongelea humu, mama."

"Basi watakuwa kwangu," mama akasema, na siku hiyo akala ugali.

Sikuelewa uzito wa neno hilo hadi Ijumaa. Nilitoka shule nikakuta mama, ambaye hatakiwi kuinama, ameinama anapiga deki chumba. Kisanduku kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, kile alichokuwa anakiweka juu ya redio ya baba. Akaniagiza unga wa ngano. "Kesho jumuiya iko kwetu. Nyumba ya kusalia haikai bila chai." Nikamkumbusha kwamba watu wenyewe wako Kimara na chai ya Kimbiji haitawafikia. Akaniambia nisimfundishe kupokea wageni. Nikakanda maandazi kwa watu thelathini. Jumamosi asubuhi, zile sauti zote zilipoingia chumbani kwa pamoja, "Tumsifu Yesu Kristu," mama aliinua mikono miwili akazipokea kama anampokea mtu mzigo mlangoni, machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa jikoni nalia na chupa ya chai mkononi. Maandazi tuliyala mpaka Jumanne. Kuku walimalizia.

Ilikuwa furaha ya Jumamosi tatu. Ya nne, baada ya baraka, sauti ya mwanamke mmoja ikasema, si kwa ubaya sana, "Jamani, mbona jumuiya imelowea Kimbiji?"

Mwenyekiti akajaribu kucheka. Lakini nilimwona mama alivyojikunja, kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu mfukoni.

Aliponiambia kisanduku kihame nilidhani ni utani. Alitaka kiende kwa zamu, wiki kwa wiki, nyumba kwa nyumba, kama jumuiya inavyokwenda.

"Mama, hiki ni chombo tu. Kikae hapa, kikae Kimara, sauti ni zile zile! Hakuna atakayejua tofauti."

"Jumuiya haikaagi kwa mtu mmoja. Ikikaa kwa mtu inakuwa yake."

"Nani kasema ni yako?"

"Wale waliotufukuza, si tulikuwa tumekaa kwao wote? Walipochoka na sie wakafunga mlango. Na mie je, siku nikiudhika nikachomoa waya?"

"Huwezi kuchomoa waya, mama. Hata kuinama huwezi."

"Nimepiga deki," akanikumbusha.

Nilimpigia shoga yangu nikitegemea atanisaidia kumkatalia. Akasema mama amesema jambo la maana, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kulichomoa jukwaa letu kwa hasira siku mbili nzima, akatudanganya kuwa umeme umekatika. Sikuwa najua. Nilimtukana kwa upendo.

Basi tukakihamisha. Kila Ijumaa jioni mimi nilivuka daraja kuingia mjini, nikakutana na shoga yangu Temeke, tukaenda wote Kimara, tukakifunga kisanduku kwenye kitenge na kukihamishia nyumba yenye zamu. Kila nyumba ilikuwa na intaneti yake na ukorofi wake. Kisanduku kilikataa kuamka kwa mtu huyu, kikaamka kwa yule kisha kikamsahau kila mtu. Shoga yangu alikaa chini jikoni kwa watu, baibui amelikunja magotini, nyaya mapajani, na wale mama wa Kimara wakimzunguka, mmoja anamwekea chai, mwingine anamuuliza kwao wanafungaje, wa tatu anamshika bega na kumwita "mwanetu". Nyumba moja walimwombea kwa sauti, kwa jina lake. Nilimtazama kwa hofu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na walipomaliza akasema amina. Ndipo nilipoona aibu kidogo juu ya ile hasira yangu ya zamani.

Wiki ya tano shoga yangu alichoka. Tulikuwa Kimara, nyumbani kwa mwenyekiti, na taa ya kijani imegoma kuwaka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Hatuwezi kuzunguka hivi mpaka uzee. Kwanini kisiwe kila nyumba na chake?"

Mwenyekiti akauliza kama hizo si zitakuwa jumuiya nyingi badala ya moja.

"Hapana, mama. Siku hizi vinajua kusalimiana. Ukisema neno kwako, kisanduku chako kinakibishia hodi cha jirani, kinampa. Cha jirani kinampa mwingine. Umeme ukikatika kwako, wenzako wanaendelea, na ukirudi wanakuhadithia uliyoyakosa. Hakuna mkubwa."

Mwenyekiti alifikiri muda wa kukata kitambaa. "Kama jumuiya na kanisa la kigango," akasema. "Sie tuko wenyewe, wale wako wenyewe, na misa ni moja. Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Zilipatikana nyumba tisa, yetu ikiwamo. Shoga yangu aliifukunyua stoo yao yote, kompyuta kongwe, visanduku vilivyorudishwa na wateja, akavitia uhai mpya kimoja baada ya kingine. Waumini ambao hawakuwa na kisanduku waliingia kupitia kwa jirani yao mwenye nacho, kama ilivyokuwa zamani za televisheni. Mama mmoja aliyehamia Temeke kwa mwanawe, ambaye hakuwa amesikika tangu mwaka wa kuhama kwake, alipata chake. Nyumba ikipata kisanduku ilipiga deki Ijumaa na kupika chai Jumamosi, ikawa Jumamosi nyumba tisa zote zina wageni na hakuna hata moja yenye mtu aliyesafiri. Nilicheka sana juu ya hilo, ila nilikuwa nimeshaacha kumbishia mama juu ya unga wa ngano.

Kwa kuwa sauti zilikuwa zinakatika, mwenyekiti alianza kuita nyumba kabla ya sala, na kila nyumba inajibu iko na watu wangapi. "Kimara ya juu?" "Tupo wanne." "Temeke?" "Tupo wawili na mjukuu." Mwishoni anaita Kimbiji, na mama anaitika kwa sauti yake ya bondeni, "Nipo mmoja!"

Nilikuwa mlangoni kila mara anaposema hivyo, na trei mkononi. Sikuwa na haki ya kunung'unika. Sikuwa nasali nao. Nilikuwa mtu wa chai. Hata hivyo kila Jumamosi lile neno lilinichoma mahali pale pale, nikajifanya nina haraka ya kwenda kutazama jiko.

Mvua za mwaka huu zilimshika mama kifua. Tulikaa naye hospitali siku nane. Alirudi amepungua, mashavu yameingia ndani, sauti imebaki nusu, lakini akakataa kukosa Jumamosi. Nilimwegemeza kwenye mito, nikamvisha kile kitenge cha sare ambacho sasa kilimzunguka mara mbili, nikaweka simu karibu na mdomo wake. Ilikuwa siku ya kuandika daftari upya, kama wanavyofanya kila mwaka, mwenyekiti anapita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani yupo, nani amehama, nani ametangulia. Alikwenda polepole. Kwenye nyumba yenye msiba wa mwaka huo walisali Salamu Maria moja pamoja, halafu akaendelea.

"Kimbiji. Mama yetu, pole na kuumwa. Bado ni mmoja?"

"Andika wawili," mama akasema.

Nilikuwa mlangoni, kama kawaida yangu.

"Wa pili nani, mama?"

"Mwanangu, huyu mwalimu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nisikilizeni, nina pumzi chache. Mie mnanijua. Siku ikifika mtakuja, na padri atakuja, sina wasiwasi tena, nalala usingizi mzuri. Ila mkishanizika mtapanda magari yenu mtaondoka. Na huyu ataingia humu ndani peke yake, atafunga mlango. Hana mtu. Sikuwa nataka kukaa kwa watu wapya kwa sababu muda wangu mdogo, nisingewahi kuwafundisha kumpenda, maana si mwepesi kupendeka. Nyie mmemwona tangu anatambaa. Basi hiki kisanduku namwachia yeye. Mumwite kila Jumamosi. Atanuna, ananunaga. Mumwite tu."

Nilisikia jogoo wa mtu Kimara, na mahali fulani Temeke kijiko kikigonga kikombe. Wiki zote zile nilizovuka daraja kwa ajili ya kisanduku, na miezi niliyosimama mlangoni nikinung'unika kwamba mama hanihesabu, yeye alikuwa ananitafutia watu.

Mwenyekiti alikohoa. Alipozungumza sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imelowa. "Tumesikia, mama. Naandika sasa hivi, kwa wino." Tukasikia karatasi ikigeuzwa. "Kimbiji, wawili. Mwalimu, upo hapo?"

Nikasogea na trei yangu hadi kitandani. Mama akanyoosha mkono wake mkavu kutoka chini ya shuka, akanishika pindo la khanga, akanivuta hadi nikapiga magoti karibu na simu.

"Unaitwa," akaniambia. "Itika."

Nikaitika.